Usiniambie ‘futa tu, utapakua tena’

Kadi iliyozua balaa kwetu ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ni memori kadi ya GB 64, nyeusi, maandishi yake yamefutika nusu kwa kushikwashikwa. Kwa miaka minne ilikaa ndani ya simu ya mama hapo Malindi bila mtu kuifikiria. Jumapili moja ya likizo ya Desemba 2023, mdogo wangu akaitoa, akaitia kwenye adapta, adapta nayo akaitia kwenye PSP. Kufikia saa moja usiku tulikuwa tumempoteza hawe mara ya pili.

Kwa wasomaji wa bara: hawe ni nyanya, kwa Kigiriama. Wetu alifariki 2022 huko Marafa. Kabla ya hapo, kila tukienda kumtazama mama alikuwa anamwekea simu karibu na kile kiti chake cha kamba, anawasha rekoda, kisha anamchokoza kwa swali moja tu. Hawe akianza hakatiki. Ngano za sungura na fisi. Nani alioa wapi na mahari ilikuwa mitungi mingapi ya mnazi. Majina ya babu zake mpaka unachanganyikiwa, manake kwetu majina yanarudi kila kizazi. Kuna siku alisimulia alivyosikia kwa mamake mambo ya Mekatilili na vita vya 1914, Wagiriama walipofukuzwa kutoka upande wa kaskazini wa mto Sabaki. Kulikuwa na rekodi 43. Najua idadi kwa sababu mama alikuwa anazihesabu kama mtu anayehesabu kuku wake jioni.

Sasa mdogo wangu. Ana miaka kumi na nne, na PSP yake alinunuliwa mitumba na mjomba kwa elfu nne na mia tano. Ilikuja na kadi ya zamani ya GB 4. Ukitia gemu tatu nne za maana, imejaa, na yeye alitaka God of War zote mbili, Tekken 6, GTA na PES yenye timu za msimu huu. Alikuwa na flashi ya rafiki yake iliyojaa gemu, na ilikuwa inatakiwa irudi kwa mwenyewe jioni hiyo. Akatafuta kadi nyumba nzima. Akaiona simu ya mama ikichajiwa.

Alipoitia, PSP ikaandika kwa Kiingereza kwamba haiwezi kuisoma kadi hiyo, ikauliza kama ifomatiwe. Mtoto akaelewa neno moja: kadi ina shida, mashine inajitolea kuitengeneza. Akabonyeza ndiyo. Sekunde chache, kadi ikawa nyeupe pe. Kisha akanakili gemu ishirini na kitu, kama GB 25, akawasha Tekken, akawa mtu mwenye furaha kuliko wote mtaani kwa muda wa saa mbili hivi.

Nimeieleza yote hii kwa sababu tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kusikiliza ushauri wa watu kuhusu nafasi kwenye vifaa vya gemu, na karibu wote unaishia kwenye maneno yale yale: futa usichotumia, utakipakua tena ukikihitaji. Mimi naona huo si ushauri, ni majivuno ya mtu mwenye intaneti ya bure. Na nataka kubishana nao.

Kwanza tuelewane kilichotokea kwenye ile kadi, manake wengi tunavibonyeza hivi vitu bila kujua vinafanya nini. Kadi za kuanzia GB 64 hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa mtindo unaoitwa exFAT. PSP ilitoka Japani Desemba 2004, na mtindo huo haiujui. Inajua FAT32 na wenzake wa zamani. Kwa hiyo ukiitia kadi kubwa ya simu, PSP haisemi “kuna mafaili humu ila siwezi kuyasoma.” Inasema kadi haifai, tuifomati? Kadi haikuwa mbovu hata kidogo. Ni kama mtu asiyejua Kigiriama asikie hawe akiongea, halafu aseme huyu bibi hana la kusema.

Kufomati kwa haraka namna ile hakusugui kadi nzima. Kunachana tu ukurasa wa mbele, ule unaoonyesha kila faili liko wapi. Mafaili yenyewe yanabaki pale pale, ila hayana anwani tena, na mashine inahesabu nafasi hiyo kuwa iko wazi. Kinachoyaua hasa ni kile unachoandika juu yake baadaye. Mdogo wangu angefomati halafu asinakili chochote, huenda tungepata rekodi zote 43. Lakini alishamimina gemu zake.

Kesho yake asubuhi nilipanda matatu mpaka Kilifi, kadi nimeifunga kwenye karatasi ya nailoni mfukoni. Nina rafiki anasomea kompyuta huko. Hakucheka, namshukuru kwa hilo. Jambo la kwanza aliuliza: “Mmeandika nini tena tangu jana?” Nikasema hakuna, nimeitoa. Akasema afadhali. Akawasha programu inaitwa PhotoRec, ni ya bure, inapita kadi kutoka mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama za mwanzo wa picha, sauti na video bila kujali ule ukurasa uliochanwa. Ilichukua muda mrefu. Tulikula mahamri na mbaazi, tukanywa chai mara mbili, tukatembea mpaka darajani tukarudi, ikawa bado inahesabu.

Tulipata rekodi 17 nzima. Tano zimekatika katikati. Zingine zimekaliwa na Kratos na wenzake, hazirudi.

Na hizo zilizorudi hazikurudi na majina. PhotoRec inarudisha faili likiwa na herufi na namba tu. Ile mama aliyokuwa ameiandika “Hawe – ndoa ya shangazi” sasa ni f na tarakimu saba. Hujui ni ipi mpaka uisikilize.

Haya, turudi kwenye ubishi wangu. “Futa, utapakua tena.” Utapakua kwa nini? Chukua gemu kama Zelda: Breath of the Wild ya Nintendo Switch. Ni karibu GB 14. Ukiwa na mtandao wa simu unaokupa megabiti mbili kwa sekunde, ambao jioni mitaa mingi ya Malindi ni bahati, piga hesabu: baiti moja ni biti nane, kwa hiyo GB 14 ni gigabiti 112, na hizo ni karibu saa kumi na sita za kupakua bila kukatika. Bila stima kupotea. Bila dadako kufungua video. Na bando unajua mwenyewe unanunua kwa shilingi ngapi. Zidisha mara kumi na nne. Mtu wa London aliye na waya wa intaneti ukutani akifuta gemu hiyo amepoteza dakika kadhaa. Wewe ukiifuta umetupa pesa ya chakula cha wiki.

Kwa hiyo neno “nafasi” halina maana moja kila mahali. Kwao kadi ni kabati la muda, vitu vinaingia na kutoka. Kwetu kadi ni ghala. Kilichoingia kimelipiwa, na kikitoka hakirudi kirahisi. Ndiyo maana vijana wa huku hawafuti, wanasongamanisha. Ukimwona mtu ana simu ya GB 32 iliyojaa mpaka WhatsApp inakataa kufungua picha, usimwone mzembe. Anaogopa kulipia kitu mara mbili.

Kampuni zinajua hili? Nadhani zinajua na haziwazi. Switch ilipotoka Machi 2017 ilikuwa na GB 32, na ukitoa sehemu ya mfumo wenyewe unabaki na kama 26. Gemu moja na nusu kubwa, umefika ukutani. L.A. Noire ya Switch, hata ukinunua ile kadi ya dukani, ilikutaka upakue GB 14 zaidi ndipo ucheze. Yaani umelipa, umeshika kitu mkononi, bado huna gemu.

Na Switch 2 iliyotoka Juni 2025 imeongeza nafasi hadi GB 256, tunashukuru, lakini imekuja na kitu kinaitwa Game-Key Card. Ni kadi ya gemu isiyo na gemu ndani yake! Ina ufunguo tu. Unaichomeka, halafu unapakua gemu nzima kwa intaneti, na ukitaka kucheza lazima kadi iwe imechomekwa. Ndiyo kusema umepata usumbufu wa kadi na usumbufu wa kupakua kwa bei moja. Watasema kadi zenye nafasi kubwa ni ghali kutengeneza. Sawa, lakini waliotoa Cyberpunk 2077 kwa mashine hiyo hiyo waliitia nzima kwenye kadi ya GB 64. Inawezekana, ni vile tu mteja anayehesabu bando hayumo akilini mwa wengi wao.

Juu ya hayo, Switch 2 inataka kadi za aina mpya, microSD Express. Zile za kawaida ulizonazo zinafaa kuhamishia picha na video za Switch ya zamani tu, gemu haiweki humo. Sababu ya kiufundi ipo, kadi mpya zina kasi kubwa zaidi. Lakini kwa mtu anayeazima kadi kutoka simu hadi kamera hadi PSP, huo ni mlango umefungwa.

Sony walitangulia kwenye dhambi hii, tena vibaya zaidi. PS Vita ilikataa kadi za kawaida kabisa, ikataka kadi zake pekee, na ile ya GB 32 iliuzwa Marekani kwa karibu dola 100 mashine ilipotoka 2012. Sijawahi kukutana na mtu wa pwani aliyeinunua mpya. PSP, pamoja na ukongwe wake, ina heshima zaidi: inatumia Memory Stick, ndiyo, lakini adapta ndogo ya bei rahisi inakuwezesha kutia kadi ya simu. Ndiyo maana bado iko mitaani Malindi, na Vita haipo.

Tena hilo neno “utapakua tena” linadhani duka litakuwepo. Nintendo walifunga duka la 3DS Machi 2023. Machi 2021 Sony walitangaza kufunga maduka ya PS3 na Vita, watu wakapiga kelele, mwezi uliofuata wakarudi nyuma. Walirudi nyuma kwa sababu ya kelele za watu wa kwao, si zangu. Na sisi hata kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network hatumo. Mwenye akaunti hapa Kenya amejiandikisha kana kwamba anaishi kwingine. Siku ikitokea shida utamlalamikia nani, na utasema unaishi wapi?

Najua kuna mtu anasoma hapa anauliza zile gemu ishirini za mdogo wangu zilitoka wapi. Kwenye flashi, na flashi ilijazwa na mtu aliyelipa pesa kidogo duka la muvi. Si halali, sitaremba. Ila pia sitakubali kuhubiriwa na mtu ambaye hajawahi kujaribu kununua gemu ya PSP kihalali akiwa Malindi. Duka la PSP lenyewe limefungwa kitambo. Ukibahatika kupata ile diski ndogo ya UMD, nunua, ni kitu kizuri, na haikuli nafasi hata chembe kwenye kadi isipokuwa seivu.

Halafu kuna wale wa “si ununue kadi kubwa?” Hawa nawapenda, manake hata mimi nilikuwa mmoja wao. Baada ya yale ya Desemba nilisema basi, nitanunua kadi moja kubwa, kila mtu apumue. Nikanunua mjini Mombasa, kando ya barabara, imeandikwa GB 512, bei ya kadi ya 64. Nilipaswa kujua hapo hapo. Simu ikasoma 512 kweli. Nikajaza muziki, nikajaza gemu, wiki ya kwanza raha. Wiki ya pili picha zikaanza kufunguka nusu, nusu nyingine kijivu. Gemu zinakwama sehemu ile ile. Kumbe ndani mlikuwa na kama GB 8 tu.

Ujanja wao ni kwamba ile chipu ndogo inayosimamia kadi hufundishwa kudanganya. Inaiambia simu “mimi ni 512,” na ukizidisha nafasi ya kweli, inakuitikia tu kwamba imeandika huku haiandiki kitu, au inaandika juu ya vya zamani. Hakuna onyo. Dawa ipo na ni ya bure: kuna programu inaitwa H2testw kwenye Windows, na nyingine F3 kwenye Linux na Mac. Zinajaza kadi yote data, kisha zinaisoma upya kuona kama iliyorudi ndiyo iliyoingia. Inaweza kuchukua saa kadhaa. Ikague kabla hujaweka chochote cha maana. Ukimwambia muuzaji unataka kuikagua hapo hapo na akaanza kuharakisha, jibu umelipata.

(Na kama kadi yako ya GB 64 inasoma 59 na kitu, hiyo hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu GB moja kama baiti bilioni moja, mashine nyingi zinahesabu kwa mafungu ya 1,024. Ni kadi ile ile kwa rula mbili. Nimewahi kushuhudia ugomvi wa kweli kwenye kibanda cha simu kwa ajili ya hizo nne.)

Sasa mimi na mdogo wangu tunafanyaje? Sina orodha ya kuringia, ila kuna mambo yamebadilika.

Kubwa ni seivu. Watu wanalinda gemu, ilhali gemu unaweza kuipata tena kwa namna moja au nyingine. Kisichopatikana tena ni ulikofika. Kwenye PSP seivu zote zinakaa kwenye folda moja inaitwa SAVEDATA, ndani ya folda ya PSP. Ni vifaili vidogo, vingi havifiki hata MB 2. Folda nzima ya mdogo wangu, miaka miwili ya maisha yake, inaingia kwenye simu bila mtu kuhisi, na inaweza kutumwa hata kwa barua pepe. Na PPSSPP, ile programu ya kuchezea gemu za PSP kwenye simu ambayo nusu ya vijana wa Kilifi wanayo, inatumia folda ya mpangilio ule ule. Kwa hiyo msimu wake wa PES alioanzia kwenye PSP anaendelea nao kwenye simu yangu betri yake ikiisha. Tulipogundua hilo alinitazama kana kwamba nimeivumbua mimi. Sikumsahihisha.

Kwenye Switch ni kinyume, na hapa watu wanaumia. Seivu haikai kwenye kadi, inakaa ndani ya mashine. Ukiuza mashine ukabaki na kadi ukidhani umebaki na kila kitu, umebaki na gemu tupu. Lakini kuna uzuri wake pia: ukiondoa gemu kwenye Switch ili upate nafasi, seivu haiondoki mpaka uende mwenyewe kwenye mipangilio ukaifute kwa makusudi. Kwa hiyo unaweza kuondoa gemu kubwa bila kupoteza safari yako, ukikubali ile gharama ya kupakua tena. Mwenye kadi ya dukani anapata nafuu, manake sehemu kubwa ya gemu iko kwenye kadi hiyo, anapakua marekebisho tu.

Gemu za PSP tunazibana zikawa CSO, zinapungua kiasi, nyingine sana nyingine kidogo, zingine zinakuwa nzito kidogo kufunguka. Si mbaya. Ikumbukwe hakuna gemu ya PSP inayozidi GB 1.8, manake ndio ukubwa wa diski yenyewe. Ukiona mtu anakuuzia faili la GB 5 akisema ni la PSP, huyo anakuuzia hewa au virusi.

Na hii ya mwisho ni ya nyumbani zaidi kuliko ya kiufundi. Kadi zina wenyewe sasa. Ya gemu ni ya gemu. Ya mama haitoki kwenye simu ya mama, na rekodi za hawe ziko pia kwenye flashi ndani ya kabati na kwa binamu yetu Kilifi, manake kitu kilicho mahali pamoja peke yake huku kwenye hewa ya chumvi hakina uhakika. Nimewahi kutoa kadi kwenye simu nikakuta miguu yake ya shaba imegeuka rangi ya kijani.

Mdogo wangu nilimkasirikia wiki nzima. Mama hakumkasirikia hata siku moja, na hilo lilimuumiza zaidi. Nikija kufikiria, mtoto alifanya kile ambacho kila kifaa kinamfundisha afanye. Skrini inamwambia “nafasi haitoshi” na chini yake inampa kitufe cha kufuta. Haimwambii “hizi ni za nani?” Haimwonyeshi kwamba sauti ya MB 6 na gemu ya GB 1.5 haziko kwenye mizani moja. Kwenye ule mstari wa rangi unaoonyesha nafasi iliyotumika, hawe wetu mzima, rekodi zote 43, asingeonekana hata kwa kioo cha kukuzia. Gemu moja tu ilimzidi mara kadhaa. Mashine inapima uzito tu, na kwa uzito yeye hakuwa kitu.

Nilimpa adhabu moja, na sasa sijui kama ni adhabu. Zile faili 22 zilizorudi bila majina, lazima azisikilize zote, aandike kwenye daftari kila moja ina nini ndani, kisha azipe majina upya. Kigiriama chake si kizuri, amelelewa mjini, kwa hiyo kila sentensi ya tatu anasimamisha anamwita mama. Mama anakuja na kisu cha kukatia mboga mkononi, anasikiliza amesimama, anatafsiri, kisha anakaa chini, na mboga zinachelewa.

Wamefika ya kumi na sita. Ni moja ya zile zilizokatika. Mdogo wangu ameandika kwenye daftari, kwa mwandiko wake mbaya: “Jogoo. Hawe anakohoa. Anamuuliza mama kama mtoto amekula. Imekatika.” Alimuuliza mama mtoto gani huyo. Mama akamwambia ni wewe.